Mama Chumvi, Mwanamke Aliyeogopa Kimya

Ndugu, majirani, wateja, na nyinyi mliofuata umati bila kujua anazikwa nani: asanteni kwa kufika. Maisha ya marehemu ninayasoma mimi, wifi yake. Kaka yangu, mume wake, alijaribu kuyasoma nyumbani akakwama kwenye jina. Basi hapa tutamwita kama wengi wenu mlivyomwita, Mama Chumvi.

Desturi ya karatasi hizi ni kusema marehemu alikuwa jasiri. Mama Chumvi alikuwa mwoga. Aliogopa mchana kweupe, aliogopa watu wakiwa wanacheka, na kuliko vyote aliogopa kimya. Kwa woga huo tumekula samaki wa baharini katika mji ambao bahari tunaiona kwenye kalenda.

Najua vilevile kwamba tangu mlipofika mnazungusha macho mkimtafuta binti yake, mtoto wake wa pekee. Hayupo hapa kaburini. Pumzisheni shingo. Nitafika hapo, ila nitapita njia ndefu, maana ile fupi haieleweki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi. Dobi ndiye baba yake. Walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake mkubwa, aliyekaa hapa mbele. Kwa baba yao doa lilikuwa aibu ya mwenye sabuni, na mabinti hao walijua kusugua kabla ya kujua kuhesabu. Alipokuwa na miaka minne, marehemu alitumbukia kichwa chini ndani ya pipa la kulowekea mashuka. Baba yake alimchomoa kwa kumshika kifundo cha mguu, kama mtu anayetoa soksi kwenye kiatu. Alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba hakutishwa na maji yaliyomwingia puani. Kilichomtisha ni kwamba kule chini hakusikia kitu. Brashi, pasi, redio ya duka, sauti ya baba, vyote vilikatika kwa pamoja. Tangu siku hiyo, mahali palipotulia sana hapakumpendeza.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza mwaka 1984, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne, mwaka 1988. Baada ya hapo aliingia chuo cha ufundi kujifunza mitambo ya baridi, msichana peke yake darasani. Mwalimu wake alimtania mbele ya wenzake: "Wewe binti unaogopa mpaka nyaya zisizo na umeme." Akajibu, "Hizo ndizo zinazoua, mwalimu. Zenye umeme kila mtu anazikwepa." Alitunukiwa cheti mwaka 1991, na nyuma ya cheti mwalimu huyohuyo aliandika kwa kalamu: *Huyu mpeni kazi ya kulinda kitu.*

Wakampa. Januari 1992 aliajiriwa katika ghala la baridi lililokuwa mkabala na karakana ya mabasi, lile lenye kuta nene ambalo leo mnalijua kwa jambo jingine. Samaki waliletwa kwa lori kutoka pwani, wamefunikwa barafu na maturubai. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mitambo. Hapo ndipo tulipofahamiana, maana nilikuwa muuza samaki na nilitaka rafu ya chini, ile isiyofikiwa na joto la mlango.

"Dada, rafu ya chini nipe mimi," nilimwambia.

"Ina baridi kali. Samaki wako watapasuka ngozi."

"Wakipasuka ni wangu. Wewe wanakuhusu nini?"

"Wananihusu. Nitawaota."

Niliondoka bila rafu, na mimi si mtu wa kuondoka mikono mitupu. Wiki iliyofuata samaki wa mwenzangu aliyepewa ile rafu walipasuka ngozi kweli, akawauza kwa kulia. Nikajua huyu mwanamke ni wa kumweka karibu.

Katika ghala hilo ndipo ilipozaliwa ile kanuni yake. Siku moja fundi alizima mtambo na taa bila kusema, na mpagazi alikuwa ndani amebeba kreti, mlango umejifunga nyuma yake. Alitolewa mzima, meno yakigongana. Kuanzia siku ile Mama Chumvi aliweka amri: asizime mtu kitu chochote kabla hajatamka "Nazima", na mkono usiguse swichi mpaka asikie mtu akijibu "Zima". Usipojibiwa, huzimi. Wapagazi walimcheka wiki nzima. Wiki ya pili wakaacha, kwa kuwa kila aliyeingia kwenye chumba kile cha baridi alianza kufikiria kreti ile na mlango ule.

Tarehe 12 Desemba 1998 marehemu alifunga ndoa na kaka yangu, kinyozi. Mnamjua. Ni mtu wa maneno mengi na hofu kidogo. Angeweza kumnyoa chui na kumpigia hadithi. Niliwakutanisha mimi, na siombi shukrani, maana mwaka uleule nilipata ile rafu ya chini, safari hii kwa ushauri wa mwenyewe na samaki wakiwa wamefungwa magunia. Marehemu aliingia kwenye ndoa na amri yake. "Chumbani kwetu," kaka yangu alikuwa akiwaambia wateja huku amewashika kichwa, "hata taa inaombewa ruhusa. Nasema nazima, mwenzangu anasema zima, ndipo tunalala. Siku tukigombana taa inawaka mpaka asubuhi." Mwaka 2000 walimpata binti yao. Neno la kwanza la mtoto huyo lilikuwa "dima", na lilisemwa kujibu.

Mwaka 2009 ghala lilifungwa. Barabara mpya ilipita mbali, malori yakaifuata, mwenye ghala akabaki na kuta. Wengine wetu tuliona kuta. Mama Chumvi aliona kitu kisichopitisha joto. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya ufugaji wa samaki, ambako kila mtu aliuliza habari za samaki wa maji baridi, na yeye akauliza: wa baharini je? Wakamweleza kwamba inawezekana, mbali na bahari kabisa, mradi maji yaleyale yazungushwe bila kukoma: kutoka kwenye tangi la samaki, kwenda kwenye chujio la kinyesi, kisha kwenye pipa lenye vigurudumu vidogo vya plastiki, kisha yapigwe hewa na kurudi kwa samaki. Chumvi unanunua kwa magunia, unachanganya kwa kipimo. Wakamwambia pia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mzunguko ukisimama, samaki hawana hata saa moja.

Mtu mwingine angesikia hivyo akarudi nyumbani. Yeye alikuja kwangu macho yamemtoka, akasema ameipata kazi.

"Bahari iko mbali, wifi," nilimwambia.

"Ndiyo maana naitaka huku. Sitaki ije yote. Nataka kiasi ninachoweza kukisikiliza."

Alimshika mwenye ghala kwa mkataba wa mwaka hadi mwaka. Nilikaa naye kwenye mazungumzo hayo, na nilimfundisha kunyamaza baada ya kutaja bei, jambo lililomtesa kuliko kubeba magunia. Alichagua chewa, samaki mnene, mpole wa sura, asiye mpole wa tabia. Chewa mkubwa akimkuta mdogo wake humla bila kuulizana ukoo. Kwa hiyo kila baada ya muda ilibidi kuwapanga kwa ukubwa, wakubwa tangi lao na wadogo lao, na marehemu alipenda kusema kwamba vikao vya familia yetu navyo vingefaa kupangwa hivyo.

Vifaranga wa kwanza aliwafuata mwenyewe pwani. Ndiyo mara pekee aliyoiona bahari. Waliokuwa naye wanasema alisimama ameipa mgongo muda wote, akitazama ukuta wa kituo cha vifaranga, na alipoulizwa kama hataki hata kugeuka, alisema: "Naisikia. Hiyo angalau hainyamazi."

Sasa lipo jambo ambalo lazima niliseme vizuri, kwa sababu limerudi.

Vile vigurudumu vya plastiki kwenye lile pipa, baada ya wiki kadhaa, huota utando wa kahawia unaoteleza kama kamasi. Ukiushika, unatamani kunawa. Lakini utando huo ni vijidudu, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyokula sumu inayotoka kwenye kinyesi cha samaki. Bila uchafu ule, maji yanabaki maangavu, mazuri, ya kuvutia, na yanaua. Marehemu aliambiwa haya mafunzoni na aliyaandika. Lakini alikuwa binti wa dobi. Mwaka ule wa kwanza, mkaguzi alikuwa anakuja, naye akatazama lile pipa, akaona aibu ya mwenye sabuni. Akavitoa vigurudumu vyote, akavisugua, akavisuuza kwa dawa ya kung'arishia mashuka, akavirudisha vyeupe kama meno ya mtoto. Mkaguzi alimsifu.

Kesho yake chewa walianza kupanda juu. Midomo wazi, wakihema, kama watu waliofungiwa. Mashine zilikuwa zinanguruma vizuri, pampu nzima, hewa nzima, hakuna kilichozimika. Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa amejifunza kuogopa kimya, na kifo kikamjia katikati ya kelele. Alinipigia simu akasema maneno manne tu: "Wifi, maji ni safi." Nilipofika, wengi walikuwa wamelala ubavu, na yeye amesimama amekumbatia ndoo tupu.

Hakufunga. Alianza upya na vifaranga wengine, na juu ya lile pipa akapaka rangi nyekundu mstari mnene ambao bado upo. Kila aliyeingia aliambiwa: mkono wako usivuke hapa. Tangu hapo aliogopa vitu viwili, kimya na usafi, na biashara ikasimama imara.

Binti alikulia humo. Nataka niseme juu ya siku ya mvua ya mawe. Paa la ghala ni la bati, na mvua ile ilipopiga, hata mtu aliye pembeni yako ulimwona mdomo tu. Nilikuwa nimekwenda kuchukua mzigo. Nilimwona Mama Chumvi akigeuka rangi, kwa kuwa hakuweza kusikia mashine. Pampu ingeweza kufa hapohapo na asijue. Akaenda kwenye bomba kubwa, lile la kurudisha maji, akaweka kiganja chake juu yake, akafumba macho. Bomba likiwa na maji yanayokwenda, linatetemeka kidogo sana, kama shingo ya paka. Mtoto, sijui alikuwa darasa la ngapi, akaenda naye akaweka kiganja chake kando ya cha mama yake. Mvua ilipopungua kidogo nikasikia wanavyosemezana.

"Unaisikia?"

"Naisikia, mama."

"Usitoe mkono."

"Mpaka lini?"

"Mpaka usikie kwa masikio."

Walisimama hivyo mvua yote, na wateja wangu wakasubiri.

Miaka iliyofuata mnaijua. Hoteli zilikuja, shule za upishi zilikuja, watu waliosema samaki huyu ni wa uchawi walikuja wakiwa na mifuko. Kutoka hapo ndipo alipopewa jina lake, kwa sababu ya magunia ya chumvi yaliyoshushwa mlangoni kwake mchana kweupe. Umeme ulikatika mara nyingi, na kila ulipokatika, jenereta iliwaka kabla mtu hajamaliza kulaani, kwa kuwa marehemu alikuwa anaijaribu kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mwenye ghala aliendelea kuandika mkataba wa mwaka hadi mwaka, na sharti lake lilikuwa lilelile: mkivuna, mnaendelea, samaki wakifa, narudishiwa funguo.

Mwaka 2020 madaktari walimwambia figo zake zimechoka. Shinikizo la damu lilikuwa limezila polepole, nadhani kwa miaka yote ile ya kusikiliza. Akaanza kupelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Siku ya kwanza alilala pale, akatazama damu yake ikitoka kwa mrija mmoja, ikapita kwenye chujio, ikarudi kwa mrija mwingine, akanigeukia: "Wifi, sasa mimi ndiye chewa. Waambie wasinilishe kupita kiasi." Alicheka, lakini nilimwona anatafuta kwa macho swichi iko wapi.

Akamwita muuguzi. "Sista, umeme ukikatika?"

"Kuna jenereta, mama."

"Nani anaijaribu?"

"Kuna watu wake."

"Wanaijaribu lini?"

Muuguzi hakujua. Mama Chumvi hakulala. Safari iliyofuata alimwomba fundi wa hospitali aje hapo kitandani, na yule fundi, Mungu ambariki, alikuja, akamweleza kila kitu, na toka siku ile alikuwa akipita dirishani asubuhi kumwonyesha kidole gumba. Wauguzi nao wakashika amri. Mwisho wa kila zamu ya kusafishwa, muuguzi alisimama kando ya mashine akasema, "Nazima, mama." Akajibu, "Zima." Wagonjwa wa vitanda vya pembeni wakaanza kudai nao waulizwe.

Binti ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Alikuwa amemaliza chuo, anafundisha watoto wadogo, na ghala hakulitaka. Alimwambia mama yake waziwazi, mimi nikiwa hapo, mrija wa damu ukiwa chini ya kiganja chake, maana alikuwa na mazoea ya kuushika kuona kama bado una vuguvugu.

"Mama, mimi siwezi kazi ile. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kila kitu. Nikilala nasikiliza. Nikiwa darasani nasikiliza. Naogopa niwe kama wewe."

Marehemu alimgeukia. Kisha akasema, "Asiyeogopa nisingempa. Angelala." Akaongeza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulazimisha, "Lakini ukikataa, waambie mapema, wavunwe wakiwa hai. Usiwaache wafe wakisubiri mtu."

Binti hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Nimefanya biashara maisha yangu yote na najua jibu la namna hiyo. Ni la mtu anayetaka lakini anaogopa bei.

Marehemu alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Machi 2023, akiwa kwenye mashine, moyo ukakataa kuendelea. Madaktari walifanya waliyoweza. Walipomaliza, mashine ilikuwa bado inazunguka, na muuguzi aliyemzoea akasimama mahali pake akasema kwa mazoea, machozi yakimtoka, "Nazima, mama." Hakuna aliyejibu. Yule muuguzi hakuondoa mkono hewani, na hakugusa swichi. Tukabaki hivyo, na mimi mwenyewe nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata sokoni wala barabarani, kwamba hatutaondoka chumba kile kamwe. Ndipo binti akasema, "Zima."

Basi tukaja nyumbani, na nyumba ikajaa, na kila mtu akatafuta kazi ya kufanya kama ilivyo wakati wa msiba. Dada yake marehemu, aliyekaa hapa mbele, hakutaka kukaa bure. Ninayoyasema sasa ameniruhusu. Amesema, "Andika, dada, ili nisije nikasikia nasemwa pembeni." Alichukua ufunguo akaenda ghalani kusafisha, kwa kuwa wageni wangepita kuona kazi ya mdogo wake. Akafagia. Akafuta vioo. Kisha akafika kwenye lile pipa lenye mstari mwekundu. "Nilikuta vigurudumu vimeota kamasi," aliniambia. "Nikasema, mdogo wangu asije akaitwa mchafu baada ya kufa." Hakuna aliyewahi kumweleza maana ya mstari. Naye ni binti wa dobi. Alivisugua vyote, kimoja kimoja, akiwa analia, kwa dawa ileile, kwa mikono iliyofundishwa na baba yuleyule.

Mtu asimlaumu. Marehemu mwenyewe alilifanya kosa hilo akiwa na cheti na maandishi.

Binti alirudi kutoka chumba cha maiti akapitia ghalani kuwalisha samaki. Mashine zilikuwa zinanguruma. Sakafu inang'aa. Akaona chewa mmoja amepanda juu, mdomo wazi. Alichota maji, akayatia kwenye kichupa cha kupimia, akadondoshea dawa. Yakiwa salama, hubaki manjano. Yaligeuka kijani kibichi mbele ya macho yake. Akanipigia simu, na maneno yake yalikuwa manne, yaleyale: "Shangazi, maji ni safi."

Nilikaa chini. Nilikuwa barabarani, nikakaa chini.

Tangu wakati huo hajatoka ghalani. Amekata chakula cha samaki. Anapunguza maji yenye sumu na kuongeza mapya aliyoyachanganya chumvi, kidogo kidogo, kwani akiyabadilisha yote kwa pamoja watakufa kwa mshtuko. Kutoka kwenye tangi dogo la vifaranga, ambalo mama yake mkubwa hakulifikia, amechukua vigurudumu vichafu na kuvimwaga kwenye pipa kubwa, ili vijidudu viote upya kutoka kwa hivyo. Kuota kwenyewe ni wiki kadhaa. Kabla ya hapo, mtu anayejua kusoma rangi ya kichupa hawezi kwenda mbali. Fundi wa jenereta yuko naye, lakini fundi anajua mashine, hajui maji. Waliojua maji walikuwa wawili, na mmoja ndiye huyu tunayemzika.

Tulikaa kikao. Baba mdogo wa marehemu alisema lililo vichwani mwenu sasa hivi. "Mtoto mmoja, mama mmoja, na mtoto hatupi hata udongo. Nyuso zetu tutaziweka wapi?"

"Zibaki hapohapo zilipo, baba," nilimwambia. "Watu watasema, kisha watachoka, watakwenda kula. Samaki wakifa hawachoki kufa."

Kaka yangu alijitolea akae ghalani yeye, ili binti aje. Tulimpigia binti simu tukaweka sauti juu.

"Baba, huwezi," alisema. "Wewe huogopi."

"Tangu lini hilo likawa kosa?"

"Kwenye maji, tangu zamani."

Kaka yangu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na kicheko kikaishia vibaya. Binti akaendelea, "Nikija mazikoni nitakuwa nasikiliza huku. Sitamzika mama, nitakuwa nimesimama tu. Niacheni nimzike kwa hiki." Nikamuuliza, mbele ya kikao kizima, kama anazungumzia siku hii moja au anazungumzia ghala. Sikutaka jibu la katikati tena. Kwenye simu tulisikia pampu. Kisha akasema, "Ghala, shangazi. Naogopa sana, lakini ni ghala."

Kwa hiyo tulikubaliana hivi. Mnaposikia haya, gari lililombeba marehemu litakuwa limekwisha kusimama mlangoni mwa ghala, na binti atakuwa ametoka, amemuaga mama yake, amerudi ndani. Dereva aliambiwa kwamba akitaka kuzima injini, aseme kwanza na asubiri kujibiwa.

Marehemu ameacha mume, kinyozi; binti mmoja, mfugaji wa chewa; dada mkubwa, ambaye leo jioni atafundishwa kupima maji, na ameshakubali; baba mdogo; wifi mmoja, huyu msomaji; na samaki wa matangi matatu ambao hatujui kama kesho watakuwa hai. Sitawadanganya kwamba najua. Usiku wa kuamkia leo, ninapoandika mstari huu, kichupa ni kijani hafifu. Si manjano. Ni afadhali ya jana, basi.

Mawingu yamejikusanya, mnayaona. Mvua ikinyesha kabla hatujamaliza kufukia, na bati la ghala likaanza kupiga kelele, jueni kwamba kule ndani kuna kiganja kimoja juu ya bomba, na hakitaondoka mpaka masikio yasikie.

Mama Chumvi, kazi yako ya kusikiliza imepokelewa. Wewe pumzika kwa amani. Mashine zisipumzike.